Grafu Nzuri Sana

Jumatatu, 9 Juni

Mzee Omagor amestaafu. Nimempa mkono, nimemwombea heri, nimekula keki yake. Kisha nikakitazama kiti chake. Kiti cha mkuu wa idara ya sayansi! Kina mikono, kina magurudumu, kinazunguka. Sisi wengine tunakalia viti vya plastiki vinavyobana suruali. Nakitaka kiti kile. Sijatamani kitu hivi tangu nilipooa.

Mgombea mwingine ni mmoja tu: Bi Vivianne Makokha, mwalimu wa kemia, mtu wa Nambale. Mimi ni fizikia. Kila mtu anajua fizikia ndiyo mama wa sayansi zote. Yeye hajui.

Saa ya chai mwalimu mkuu, Madam Aluka, akatuita wawili ofisini. Masanduku mezani. Ndani: laptopu na vihisi, yaani vijiti vyenye waya. Unatia kijiti kwenye kitu, unaunganisha waya na laptopu, na kipimo kinajichora chenyewe kwenye skrini papo hapo huku unatazama. Kuna kijiti cha joto na kuna cha kupima ukali wa asidi. Madam akasema Jumatano ya wiki ijayo anakuja Bwana Ejoku wa ofisi ya elimu. Kila mmoja wetu atafundisha mbele yake kwa mashine hizi, na atakayefundisha vizuri zaidi ndiye atakayerithi kiti. Akauliza kama tumewahi kuzitumia.

Bi Vivianne akajibu kwamba hajawahi hata kuziona. Maskini, hajui kujiuza. Mimi nikasema nilizitumia chuoni hadi nikazichoka.

Chuoni kwetu tulikuwa na themomita moja, nayo ilikuwa imevunjika.

Jumanne, 10 Juni

Nimeanza na Kidato cha Tatu. Jaribio rahisi: maji ya moto yanapoa. Grafu yake naijua kama njia ya kwetu. Inaanza juu, inateremka kwa mpindo laini, inatulia chini. Kila mwaka naichora ubaoni bila hata kuchemsha maji.

Hapa niwe mkweli, maana shajara haina mdomo. Majaribio ya fizikia tunayafanya hivi: kwanza tunatafuta jibu kitabuni, pili tunapika vipimo hadi vifike kwenye jibu, na kama muda upo tunachovya themomita majini kwa heshima. Mwalimu wangu alinipikia hivyo. Nami nawapikia wangu. Themomita ni kitu chenye adabu. Inakusubiri uisome, na ukiisoma vibaya kwa makusudi haikusuti mbele ya watu.

Hii mashine haina malezi! Mstari uliteremka vizuri kidogo, kisha ukayumba. Mtu amefungua mlango. Ukayumba tena. Mtu amekohoa juu ya bika. Lori moja kwenye foleni ya mpaka wa Uganda, nje ya shule, likapiga honi, darasa zima likaruka, meza ikatikisika, maji yakachanganyika, na mstari ukafanya kitu nisichoweza kukieleza. Kila kitu kinaandikwa hapohapo, mbele ya watoto, kabla sijapata nafasi ya kushauriana nacho.

Kuna msichana anaitwa Atyang, hukaa mbele, hajui kunyamaza. Akauliza, "Mwalimu, mbona hii haifanani na ya kitabu?"

Nikasema mashine imetoka safari ndefu na haijapumzika. Akaliandika jibu hilo daftarini. Jambo hilo limeniuma.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango wa pili. Kama dunia ndiyo inayoyumbisha mstari, dunia ifungiwe nje. Madirisha yakafungwa. Mlango ukafungwa. Bika nikaivisha blanketi la bweni. Wanafunzi nikawapanga ukutani, nikawaamuru wapumue kwa zamu.

Mstari ukanyooka kama lami mpya. Nilishangilia kabla sijatambua kwamba maji yamekataa kabisa kupoa. Blanketi! Mwalimu mzima wa fizikia nimesahau kazi ya blanketi! Watoto walilowa jasho, na mmoja ilibidi atolewe nje apepewe.

Bi Vivianne alikuwa akipita. Akachungulia dirishani, akaitazama bika ndani ya blanketi, akauliza kwa upole kama mgonjwa amekula chochote.

Yeye naye! Darasa lake ni kelele tupu. Grafu yake imepinda kuliko yangu, lakini badala ya kuona haya anawauliza watoto: hapa mstari umepanda kwa nini? Wanabishana, wanajaribu upya, wanapiga makofi. Mwalimu gani huuliza swali ambalo hata yeye hajui jibu lake? Huko ni kuwavunja watoto imani.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeokoka!

Nilikuwa nikibonyeza kila kitu nikitafuta dawa ya kunyoosha mstari. Nikagundua kwamba laptopu huhifadhi kila rekodi, na kwamba kuna mahali ukibonyeza inairudia yote tangu mwanzo, kwa mwendo uleule, kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Mtazamaji hawezi kujua. Mimi mwenyewe nilijaribu nikadanganyika, na mdanganyifu nilikuwa mimi.

Basi ni hivi. Nitarekodi grafu moja nzuri mahali penye utulivu. Siku ya mgeni nitatia kijiti majini kwa ajili ya macho ya watu, nitabonyeza, nitaweka mikono nyuma. Maji yafanye yatakalo. Nimemwomba Madam ruhusa ya kwenda na mashine nyumbani wikendi. Akasema bidii yangu imemgusa moyo. Imenigusa hata mimi.

Pia nimechukua tahadhari ndogo. Bi Vivianne anategemea kile kijiti cha asidi. Waya wake nimeuviringisha ndani ya hankachifu yangu, nikauficha kwenye droo ya meza ya Mzee Omagor. Hapo hakuna atakayegusa. Droo hiyo haifunguliwi na mtu yeyote isipokuwa mkuu wa idara, yaani mimi. Nitaurudisha baada ya ushindi, kwa ukarimu.

Jumamosi, 14 Juni

Nyumbani, Angurai. Mke wangu ameenda sokoni, kuku wametolewa jikoni, mlango umefungwa. Nikachemsha maji, nikatia kijiti, nikakaa kona nikipumulia begani. Mstari ukashuka kwa mpindo laini kama wa kitabuni. Sikuamini. Kumbe maumbile yanaweza kufuata mtaala yakiachwa peke yake! Nikaihifadhi kwa jina "Nzuri". Nilikaribia kulia.

Mtu mwenye akili angefunga mashine akalala. Lakini baba yangu mdogo, Mzee Egwang, alikuwa amefungua chungu cha ajono, pombe yetu ya kienyeji, alasiri hiyo. Nikawaza kwamba wazee nao wana haki ya sayansi.

Chungu cha pombe ya wimbi kina sheria zake. Watu hukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mama wa nyumba huja mara kwa mara na birika kuongeza maji ya moto. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Chafya hapana. Na kuchungulia ndani ya chungu ni utovu mkubwa wa adabu. Haya yote nayajua tangu utotoni. Nikatumbukiza kijiti katikati ya mirija.

Mstari ukaanza kutembea. Wazee wakageuza viti. Mama Apolot, mke wa baba mdogo, akaja akamimina maji ya moto, na mstari ukaruka juu! Wakapiga kelele kama mpira umeingia golini. Ukateremka polepole, wakateremka nao. Kesi ya mpaka wa shamba waliyokuwa wakiizungumza ikasahaulika, kisha ikakumbukwa, ikajadiliwa kwa kirefu huku mstari ukishuka. Birika la pili. Mruko mwingine! Ama kweli mimi ni mwalimu, nilijiambia.

Birika la tatu, mstari ukainuka kidogo tu, ukachoka.

Mzee mmoja akamweleza Mama Apolot, kwa heshima zote, kwamba mashine inasema maji hayajachemka. Mama akaiangalia skrini, akamwangalia mzee, akasema, "Basi hiyo mashine iende itafute kuni." Akaingia ndani na birika lake na hakutoka tena. Chungu kikapoa. Ndipo wazee wote waliponigeukia.

Kesi yangu ilisikilizwa papo hapo. Je, kutazama grafu ya chungu ni kuchungulia chungu? Nilijitetea kwamba macho yangu yalikuwa kwenye skrini muda wote. Baba mdogo akasema anayetuma jicho ndiye aliyechungulia. Faini: kuku jike, apewe Mama Apolot.

Hata hivyo sikukasirika. Nilikuwa nimevuta mrija vya kutosha. Kabla ya kufunga mashine niliitazama ile grafu, na milima yake na mabonde yake, nikaona uzuri ambao sijawahi kuuona katika fizikia. Nikaihifadhi nayo, nikaipa jina linaloistahili.

Jumatatu, 16 Juni

Bi Vivianne anatafuta waya. Nimemsaidia kutafuta. Nilipanda hadi juu ya kabati, nikashuka na vumbi. Akanishukuru sana, akanigawia nusu ya roleksi yake, chapati ya mayai aliyonunua ng'ambo, upande wa Uganda. Ilikuwa tamu. Dhamiri ilinisumbua mpaka nikaimaliza.

Mwishowe akasema basi, atatumia kijiti cha joto na maji ya moto kama mimi, na kwamba atatangulia. Vizuri kabisa! Mgeni aanze kwa mstari wake unaopepesuka, halafu auone wangu. Tofauti itajieleza.

Jumanne, 17 Juni

Nilitaka kufanya mazoezi maabara. Atyang alikuwepo, eti anasoma. Nikaahirisha. Mazoezi ni ya watu wasiojiamini.

Nimepiga pasi suruali. Wakati wenzangu wakiwa paredi nilikijaribu kiti kidogo. Kinazunguka vizuri upande wa kulia, lakini upande wa kushoto kinalia. Nitakipaka mafuta.

Jumatano, 18 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Bwana Ejoku alifika. Mtu mnene, mtaratibu, wa Amukura, si msemaji. Akakaa nyuma kwenye kiti cha plastiki bila kulalamika.

Bi Vivianne akaanza. Akawaambia watoto wabashiri: tukifungua dirisha, mstari utafanya nini? Wakagawanyika, wakabishana. Dirisha likafunguliwa, mstari ukazama. Shangwe! Na tukipepea kwa daftari? Ukazama zaidi. Bwana Ejoku akainuka kutoka nyuma, akaomba apulize maji mwenyewe. Akapuliza, akaona mstari unamtii, akacheka kwa furaha. Nilimhurumia. Hakujua kwamba mambo yenyewe bado.

Zamu yangu. Nikatoa hotuba fupi kuhusu utulivu katika sayansi. Nikamimina maji ya moto kwenye bika, mvuke ukapanda, nikatia kijiti. Nikafungua laptopu. Rekodi mbili: "Nzuri" na "Nzuri sana".

Sikukumbuka vizuri nilikuwa na maana gani. Lakini mgeni hupewa kilicho bora. Nikabonyeza ya pili.

Mstari ukaanzia chini kidogo. Bika inatoa mvuke, skrini inasema vuguvugu. Nikamwona Atyang akikunja uso. Mstari ukateremka taratibu, nikapumua, nikaweka mikono nyuma.

Ukaruka!

Hakuna mtu aliyekuwa amegusa chochote. Nikakumbuka chungu, birika, milima na mabonde, yote kwa mara moja. Nikasema mnachokiona ni joto fiche. Hujificha ndani ya maji, kisha hutoka ghafla. Madam Aluka akatingisha kichwa kukubali, akaandika. Mstari ukashuka polepole, polepole, kesi nzima ya mpaka wa shamba ikapita. Ukaruka tena. Nikasema hilo ni joto fiche la pili, lililokuwa limejificha nyuma ya lile la kwanza.

Mkono wa Atyang ulikuwa juu. Nikatazama dari. Bi Vivianne akanikumbusha, kwa upole wake ule, kwamba kuna mtoto ana swali. Atyang akaomba akitoe kijiti majini ili tuuone mstari ukianguka, kama tulivyoona kwenye somo lililotangulia. Nikawa natafuta sababu ya kukataa. Madam akamwambia aendelee.

Akakitoa. Akakiinua hewani mbele ya watu wote, kikidondosha maji. Mstari ukaendelea na safari yake bila wasiwasi wowote. Kisha, kijiti kikiwa hewani vilevile, ukainuka kidogo, ukachoka.

Bwana Ejoku akasimama. Akaja hadi kwenye skrini. Akaweka kidole kwenye mruko wa kwanza. "Hapa mama ameongeza maji," akasema. Kidole kikateremka na mstari. "Hapa wazee walikuwa na maneno mingi." Mruko wa pili. "Hapa ameongeza tena." Alipofika kwenye kile kiinuko cha mwisho akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Na hapa ama kuni imeisha, ama mama amekasirika."

Akanigeukia. "Mwalimu, hii ni chungu. Ni ya kwa nani?"

Ulimi ukajisemea wenyewe. Nikasema ni kwa Mzee Egwang, Angurai.

Akasema anamfahamu, ni mkwewe, na ajono ya pale hupoa siku zote. Darasa likaangua kicheko mpaka watu wa jikoni wakaja kuangalia. Madam Aluka alijifunika uso kwa faili na mabega yake yakawa yanatikisika. Sijui kama alikuwa akilia. Natumaini alikuwa akilia.

Baadaye Bwana Ejoku alinivuta pembeni, karibu na tangi la maji. Akaniambia taratibu kwamba amezunguka shule nyingi na hajawahi kuona grafu yenye habari nyingi kiasi kile. Kwamba kama ningeileta kwa jina lake halisi, chungu cha nyumbani, nikawauliza watoto kila mruko umetoka wapi, basi leo kiti kingekuwa changu na asingekuwa na la kufikiri. Akauliza kwa nini nilikificha kitu bora na kukiita maji.

Niliona aibu, aibu ya kuchoma masikio. Nilirudi kwa miguu ili nisipande boda na mtu akanisalimia.

Alhamisi, 19 Juni

Bi Vivianne amekalia kiti. Kinamkaa vizuri, nakiri kwa uchungu. Kinalia akigeukia kushoto.

Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua droo. Hilo sikulifikiria! Kutoka Ijumaa mpaka leo sikulifikiria! Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Nikamwona akitoa hankachifu yenye herufi zangu, M.O., alizonidarizia mke wangu kwa uzi mwekundu zionekane kwa mbali. Akaifungua. Waya ukaanguka mezani. Nikarudi nyuma polepole hadi kwenye choo cha walimu na nikakaa humo kipindi kizima.

Jioni akaja kwenye meza yangu. Hankachifu imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Akasema tu, "Mwalimu, hanki yako ilikuwa imepotea." Basi. Afadhali angenipigia kelele.

Kisha akaniambia kwamba Bwana Ejoku anarudi mwezi ujao. Anataka kuona Kidato cha Tatu wakifanya jaribio la chungu, ila kwa uji wa wimbi, kwa kuwa hii ni shule. Watoto waongeze maji ya moto, wabashiri mstari utaruka kiasi gani, waone papo hapo. Na kwamba yeye, kama mkuu wa idara, ameamua niliongoze mimi, kwa sababu wazo ni langu. Hilo "papo hapo" alilirudia, akinitazama.

Mwanamke huyu ana moyo mzuri. Inaudhi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimetafakari sana. Mtu mzima hujifunza kwa makosa yake, nami nimejifunza.

Kurekodi hakukuwa kosa. Rekodi zilikuwa njema zote mbili. Mashine ilifanya nilivyoiambia. Nimelizungusha jambo hili kila upande na nimeona wazi kwamba kosa lilikuwa moja tu, nalo ni majina.

Kesho nakwenda Angurai na kuku jike wa faini, na mashine nimeshaiombea ruhusa. Bi Vivianne aliniuliza ni ya nini. Nikasema mazoezi. Mama Apolot akishapokea kuku wake moyo utakuwa mweupe, na nitamwomba chungu kidogo cha uji na maji yaliyochemka sawasawa. Jikoni, mlango umefungwa. Nitarekodi miruko mizuri inayolingana. Siku ya mgeni watoto watamimina maji halisi, na mimi nitakuwa nikiwapa ishara wamimine lini ili waende sambamba na skrini. Atyang nitamtuma akatafute chaki.

Baba mdogo naye amenitumia ujumbe. Kesho kunafunguliwa chungu kipya cha ajono na wazee wanaiulizia mashine. Wamekaa wakakubaliana kwamba ikija kwa mwaliko si kuchungulia. Wanataka kuujua ukweli wa birika. Siwezi kuwanyima wazee sayansi.

Lakini safari hii nitaandika jina la rekodi kabla ya kushika mrija.